Kinanda Kilichoko Ghorofani kwa Mjomba

6 Februari

Mpwa wangu,

Natumaini uko salama na mumeo na watoto. Huku tupo. Mkaza mjomba wako yuko kwa binti yetu tangu mwezi wa kumi na moja, alikwenda kumsaidia baada ya kujifungua mtoto wa pili. Alisema wiki tatu. Mtoto ana afya, mama yake ana afya, sijui ni msaada gani huo usioisha. Bati la jikoni nimebadilisha. Mama Pacha wa chini bado ana maneno yake, siku hizi anagonga dari kwa ufagio akidai redio yangu inamtoa roho.

Naandika kwa sababu simu za sasa hazina maana, maneno yanakwaruza tu. Usinipigie.

Jambo lenyewe ni kile kinanda cha umeme cha bendi. Kuna mtu mwenye ukumbi wa sherehe, tunamwita Bwana Viti kwa kuwa alianza maisha kwa kukodisha viti. Anakitaka. Ameniahidi bei ya pikipiki iliyotumika. Mimi naona ni ndogo, ila kinanda nacho kimezeeka, vibao vya juu vimekufa karibu vyote. Wewe ni fundi wa vinanda, ndiyo kazi yako hiyo. Niambie kina thamani gani, na kama kinaweza kushuka ngazi za nyumba hii bila kuua mtu.

Nakuomba jibu la kitaalamu. Mambo mengine ya zamani usiyaingize.

Mjomba wako


2 Machi

Shikamoo Mjomba.

Hatujambo. Mume wangu amehamishiwa ghala la pili, anarudi amechoka lakini anarudi. Mkubwa ameanza sekondari. Karakana yangu imehamia chumba chenye dirisha, sasa angalau naona ninachokiunguza.

Barua yako imekaa wiki mbili chini ya koleo kwenye meza ya kazi. Ni ya kwanza kutoka kwako kwa miaka kumi na moja, na umeiandika kuuliza bei.

Hicho unachokiita kinanda cha bendi ni cha mama yangu. Ulikwenda na wanaume sita siku ya tano baada ya kumzika, mimi nikiwa nimefuata cheti chake cha kifo. Niliporudi nilikuta alama nne za miguu kwenye sakafu, na mlango umefungwa vizuri. Hilo la kuufunga mlango vizuri ndilo sijalisahau. Umesema nisiingize ya zamani. Nimeyaingiza, sasa tuendelee.

Swichi ziko mbili. Shikilia ya kwanza mpaka usikie mota imekolea, kama sekunde nane, ndipo uwashe ya pili. Ukisikia harufu ya kuungua, zima na uache. Subiri taa za ndani zipate moto. Juu ya vibao kuna vijiti tisa vya kuvuta. Vuta kimoja tu, vingine visukume ndani, kisha bonyeza vibao vyote sitini na kimoja, kimoja kimoja, na uandike kipi kinalia na kipi hakilii. Fanya hivyo kwa kijiti cha kwanza, cha tatu na cha tisa, safu ya juu na safu ya chini. Usinitungie majibu. Tazama pia kama lile sanduku la spika linazunguka au linakwama, na kama miguu ina vumbi la mbao, maana hiyo ni dalili ya wadudu.

Kuna tundu za mafuta nyuma, ndani ya kifuniko. Umewahi kuzitia mafuta tangu ukichukue? Si ya cherehani, hayo yanaganda.

Ngazi zipime upana, na upime kona. Bila kiti na vibao vya kukanyaga, kinanda peke yake hakipungui kilo mia na tisini.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika pamoja na matusi yake. Hongera kwa dirisha.

Huku kila kitu kinaharibika siku hizi. Nimenunua birika la mluzi, halipigi mluzi, limeungua tako mara mbili. Kengele ya mlango nilibadilishiwa na fundi, nayo hailii, wageni wanagonga mpaka wanakasirika. Vitu vya sasa vinatengenezwa na watu wasiojali. Mkaza mjomba wako ameandika kwamba atakaa kidogo zaidi.

Nimefanya uliyoniamuru kana kwamba mimi ni mwanafunzi wako. Mota inavuma vizuri. Harufu ya kuungua hakuna. Spika inazunguka. Wadudu hakuna. Kwa kijiti cha kwanza vibao vyote vinalia, ingawa vya mwisho vinanong'ona. Kwa cha tatu vinafifia taratibu, na kumi vya mwisho sisikii kitu. Kwa cha tisa, kuanzia katikati ni kimya kitupu. Safu ya chini ni hivyohivyo, kibao kwa kibao. Nimerudia siku mbili.

Ngazi zina sentimita sabini na nane, na kona ni ya mraba. Wakati ule tulikipandisha kwa kamba kupitia roshani, lakini roshani nimeiwekea vyuma.

Kuhusu nani mwenye kinanda, bendi niliianzisha mimi na kinanda kilinunuliwa kwa kazi ya bendi. Dada yangu alikipiga miaka kumi na tisa. Mtu akiendesha basi miaka kumi na tisa, basi haliwi lake.

Nipe bei.

Mjomba wako


11 Aprili

Shikamoo Mjomba.

Sisi wazima. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, anazungumza kwa kupuliza.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kwa hali uliyoieleza, kinanda hicho hakina thamani ya kinanda. Mtambo wake umechoka kuanzia juu, na vipuri havipatikani. Kilichobaki ni mbao nzuri na chuma chakavu. Bwana Viti akigundua atakurudishia nyumbani na maneno juu yake.

Nitakichukua mimi. Nitakulipa nusu ya aliyoahidi yeye, na gharama za kukishusha ni juu yangu. Nitakuja na watu wangu, nitakifungua hapohapo ghorofani, kishuke vipande vipande. Hutahitaji kufanya lolote ila kufungua mlango. Najua unajua kufunga.

Mpwa wako


28 Aprili

Wewe mtoto wa dada yangu,

Habari za nyumbani sina za kukupa.

Jumanne mpigaji wa Bwana Viti amekuja kukitazama. Kijana mpole, ana miwani. Amevuta vijiti, ameweka mkono wa kulia mwisho kabisa wa vibao, amefumba macho, na alipomaliza amesema kila kibao kinasema, hajawahi kugusa kinanda kilichotunzwa hivi. Nikamwuliza, hata vya juu? Akajibu, hata vya juu. Kisha akanitazama kwa muda, akaniuliza kama naishi peke yangu.

Bwana Viti ameongeza bei papo hapo, sasa ni pikipiki mbili, tena mpya. Seremala wake amepima ngazi na kusema kwa kona ile dawa ni msumeno. Watakikata kiunoni, kichwa mbali na miguu mbali, wakifunge bawaba, kila Jumamosi kipakiwe kwenye pikapu kupelekwa harusini. Wanakuja tarehe kumi na tano Mei.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Fundi wa vinanda ananiambia mtambo umekufa. Mtoto wa watu aliyepita dakika ishirini anasema mzima. Ama wewe hujui kazi, ama ulitaka kuniibia. Lipi?

Mjomba wako


5 Mei

Mjomba,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi ili ifike kesho. Shikamoo.

La pili. Nilitaka kukuibia.

Sasa nisikilize. Ndani ya kinanda hicho kuna magurudumu ya chuma tisini na moja, kila moja na sauti yake. Gurudumu likifa, linakufa kavu, na linaviacha bubu vibao vyote linavyovilisha, huku jirani zake wanalia kama kawaida. Wewe uliniandikia kwamba vibao vinafifia pole pole kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, safu zote mbili, sawasawa, kibao kwa kibao. Kinanda hakiugui hivyo. Mtu ndiye anaugua hivyo.

Halafu kuna birika. Kuna kengele ya mlango. Kuna redio inayomtoa roho Mama Pacha, na simu inayokwaruza. Birika lako ni zima, Mjomba. Vyote vizima.

Nilijua tangu siku niliyopokea barua yako ya Machi. Nilinyamaza kwa sababu nakitaka kinanda cha mama yangu, na kwa sababu ya pili ambayo sina pa kuificha: nilifurahi. Nilikuwa na miaka kumi na sita uliponikalisha mbele ya bendi nzima, nikapiga nusu wimbo, ukanyoosha mkono ukasema, "Mtoeni, huyu ana masikio ya ukuta." Mama alikuwa ameketi pale pale na hakusema neno. Nilikwenda kujifunza kuvifungua vinanda kwa sababu uliniambia siwezi kuvipiga. Miaka ishirini na nne nimeishi na hayo masikio ya ukuta. Nilipoona kwamba sasa ni yako, nilikwenda nje nikasimama uani nikacheka. Kisha nikarudi ndani nikakuandikia bei ya uongo.

Thamani ya kweli ni hii. Kikiwa kizima, na sauti aliyoieleza yule kijana, ni bei ya kiwanja pembezoni mwa mji. Kikikatwa, ni pikipiki mbili, na mwaka mmoja barabarani utakimaliza, kwa sababu mtambo umening'inizwa kwa springi na hautaki kurushwarushwa kila Jumamosi. Kuhusu ngazi, seremala amekudanganya. Kinapita. Miguu inafunguka, kichwa kinasimamishwa wima, mkono wa ngazi unang'olewa kwenye kona. Inataka watu wanne na subira.

Muuzie yeyote, hata mimi usiniuzie. Lakini usiruhusu msumeno uingie.

Na uende hospitali.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu.

Mkaza mjomba wako hajarudi. Nilimwandikia kumwuliza habari ya mtoto, akajibu kwamba mtoto hakuwa sababu. Alichoka kuzungumza na mgongo wangu. Kumbe alikuwa ananiita kila siku kutoka jikoni.

Bwana Viti alikuja tarehe aliyosema, na seremala, na msumeno umefungwa kwenye gunia. Niliketi katikati ya ngazi. Waliniomba nipishe. Nilisema nimechoka, napumzika. Walisubiri mpaka mchana, Bwana Viti akaanza kunitukana, lakini nadhani alinitukana kwa sauti nyembamba, maana sikupata mengi. Wameondoka.

Hospitali nilikwenda mwezi uliopita. Walinivalisha vitu masikioni, wakanipa kibonyezo, wakaniambia nibonyeze kila nitakaposikia sauti. Nilikaa nimekishika muda mrefu. Mwisho nikamwambia daktari awashe mashine, mimi niko tayari. Akaniambia ilikuwa imewashwa tangu nilipoketi.

Sasa lile la siku ya mazoezi. Kabla hujapiga chochote uliniambia, mbele ya watu wote, kwamba gitaa langu limeshuka nusu sauti. Ulikuwa mtoto wa shule, umevaa sketi ya shule. Nilikataa. Ulipotoka nililipima, lilikuwa limeshuka. Mama yako aliniona nikilipima. Alikaa wiki nne hakunisemesha, alikuja, alipiga, aliondoka. Kwako hakusema kwa sababu nilimwambia akisema atatafuta bendi nyingine, na alikuwa na mtoto wa kusomesha.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Ulinidanganya ukiwa fundi, nami nilikuwa nimekutegemea ukiwa fundi, na hilo nitakufa nalo. Tusihesabiane. Kinanda kichukue. Jumamosi ya tarehe 22 Agosti, ufunguo utaupata kwa Mama Pacha. Sitakuwepo, na sitaki kukuona.

Mjomba wako


29 Agosti

Shikamoo Mjomba.

Watoto hawajambo. Mume wangu alikuja nami, ndiye aliyebeba upande mzito.

Ufunguo nilipewa. Mama Pacha aliniambia, "Mjomba wako amesafiri mbali sana, usitazame ng'ambo ya barabara." Kwa hiyo nilitazama. Ulikuwa umeketi kwa kinyozi, umefungwa kitambaa cheupe shingoni. Kichwa chako hakina nywele za kukaa kwa kinyozi muda wa saa tatu. Sikuvuka. Ulisema hutaki kuniona na mimi sikuja kukuona.

Nilipofungua kifuniko cha nyuma nilikuta kwa ndani tarehe zimeandikwa kwa penseli, moja chini ya nyingine, mwandiko wako. Kumi na moja. Pamba ya tundu za mafuta ilikuwa imelowa mafuta. Nilikuuliza mwezi wa tatu kama umewahi kukitia mafuta, na ukaniandikia habari za wadudu. Sikuelewa kwa nini mtu anaficha jambo kama hilo, na bado sielewi. Nilikaa sakafuni muda, wanaume wakadhani kuna kitu kimevunjika.

Nilikiwasha, na kabla ya kukishusha nilikipiga. Nilifungua madirisha yote mawili. Niliisukuma spika mpaka kwenye roshani, ikatazama nje, nikavuta kijiti cha kwanza na cha pili mpaka mwisho, vile vingine kidogo, na nikapiga zaidi kwa miguu. Sikupiga kwa ajili yako. Ilibidi nikijaribu. Fundi habebi kitu ambacho hajakijaribu.

Kwenye kona tuling'oa mkono wa ngazi na kuurudisha, lakini ukuta umekwaruzika kama mita moja. Sitaupaka rangi.

Kimefika. Kiko mbele ya dirisha.

Mpwa wako


11 Septemba

Mpwa wangu,

Mkaza mjomba wako amerudi juzi. Amenunua daftari kubwa, anaandika anachotaka kusema kisha ananiwekea mbele ya uso, na kama nimemkera anaandika kwa herufi kubwa. Anakusalimu kwa herufi ndogo. Kifaa cha sikio nimepewa kimoja, kinaniletea sauti za vijiko.

Ukuta nimeuona.

Ulianza na ule wimbo wa mama yako wa kufungulia ukumbi. Kinyozi alizima mashine yake bila kuambiwa. Besi niliipata yote, ilipita sakafuni ikaja kwenye kiti. Kwenye ubeti wa tatu mguu wako wa kushoto ulichelewa mara mbili. Ulidhani hakuna atakayejua. Wimbo wa pili ulikuwa safi. Mkono wa kulia sikuusikia, kwa hiyo siwezi kuusema, na sisemi.

Kiti cha kinanda mmekiacha. Kiko nyuma ya mlango wa chumba, mtu anayekitoa ndani ya nyumba hii ni wewe tu. Sikitumi kwa basi. Rekebisha huo mguu wako wa kushoto, kisha uje ukifuate. Nitakuwepo.

Mjomba wako